Mukengeria ya bluu: acha ua kwanza, shika karara lake

Swali, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Kwetu shambani mukengeria, yaani magugu ya Commelina, imejaa na nimeanza kuona kwamba si moja, maua yote ni ya bluu lakini majani hayafanani. Nimejaribu apu ya kutambua mimea, leo inaniambia ni Commelina benghalensis, kesho mmea uleule inasema diffusa, kesho kutwa erecta. Halafu kando ya barabara kuna nyingine ya njano. Nitazitofautisha aje, na je, ni za hapa ama zililetwa?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo la mwisho kwa sababu ni fupi. Hizo tatu ulizotajiwa na apu ni za asili ya Afrika, hakuna aliyezileta, na hiyo ya njano karibu hakika ni Commelina africana, nayo ni ya hapa hapa. Benghalensis hata kama jina lake linanuka Bengal imekuwa Afrika na Asia tangu jadi, ugeni wake uko Marekani, huko Georgia kwenye mashamba ya pamba inawasumbua wakulima kweli kweli kwa sababu dawa ya magugu ya glyphosate haiimalizi. Zilizoletwa kwetu ni zile binamu za kwenye vyungu, Tradescantia zebrina yenye majani ya mistari ya fedha na zambarau, na ile fluminensis yenye maua meupe, ambazo watu huzitupa nje ya ua zikajiotea. Hizo huwezi kuzichanganya na mukengeria ukishaona ua lake, petali zake tatu zinalingana, wakati mukengeria ina mbili kubwa juu kama masikio na ya tatu ndogo chini.

Sasa tuje kwa hiyo apu. Sikulaumu kwa kuitumia, hata mimi ninayo kwenye simu, lakini fikiria unaipa nini. Unasimama juu ya mmea, unainamisha simu, unapiga picha ya ua kutoka mbele, na kinachoonekana ni petali mbili za bluu na vitu vya njano katikati. Jenasi ya Commelina ina zaidi ya spishi 150 duniani na Afrika ndiko zimejaa, na nyingi sana kati ya hizo zikipigwa picha kutoka mbele zina sura hiyo hiyo moja. Kwa hivyo apu inabahatisha, na wewe pia ungebahatisha, na mimi pia, yaani mtu akinitumia picha ya ua la mukengeria limejaza kioo chote cha simu bila kitu kingine huwa namjibu tu "ni Commelina" na naishia hapo. Bluu yenyewe haina maana sana, kwenye mmea mmoja unaweza kupata bluu iliyokolea asubuhi na iliyofifia saa chache baadaye, na benghalensis saa zingine hutoa hata meupe.

Kile unachotaka kukiangalia kiko nyuma ya ua. Ukifuata kikonyo cha ua kurudi chini utaona linatokea ndani ya kitu cha kijani kilichokunjwa, kama karara la mnazi ila dogo la ukubwa wa ukucha. Mimi nitaliita karara tu. Ni jani lililokunjwa katikati likawafunika watoto, ndani yake kuna matumba kadhaa yamepangwa na hutoka moja moja, leo hili, kesho lingine. Hilo karara ndilo kitambulisho cha mmea, na watu wengi hawalitazami kabisa kwa sababu halina rangi.

Fanya hivi. Chuma tawi moja, shika karara kwa kikonyo chake kati ya vidole viwili, mkunjo uwe chini na mdomo ambapo ua linatokea uwe juu. Sasa angalia upande wa nyuma, pale karibu kabisa na kikonyo, ambapo kingo mbili za karara zinakutana. Ama zimeungana, ama haziungani. Zikiwa zimeungana unapata kimfuko, ukitia ncha ya jani la nyasi kwa juu haitokei nyuma, inakwama. Zikiwa haziungani, karara ni jani lililokunjwa tu na ukilifungua taratibu kwa kucha litalala wazi kwenye kidole chako bila kuchanika, na sehemu ya nyuma itakuwa na umbo la juu ya moyo. Hili la kufungua ni jaribio zuri kuliko kutazama kwa macho, kwa sababu karara lililo wazi hujibana vizuri sana hadi unadhani limeungana. Lile lililoungana ukilazimisha litachanika, na mara nyingi utalowa vidole na ute, kwa sababu hivi vimfuko huwa na maji maji ya kuteleza ndani yanayohifadhi matumba. Watoto wa shamba wanaujua huo ute vizuri, wanabinya karara hadi lichuruzike.

Hapo tu umegawanya shamba lako mara mbili. Yaliyo wazi: diffusa, na ile africana ya njano. Yaliyoungana: benghalensis, erecta, na nyingine moja ambayo hukuitaja lakini nitaisema hapa mbele. Hata ukisahau kila kitu kingine nilichoandika, hilo moja litakuweka mbele ya hiyo apu.

Tuanze na benghalensis kwa sababu kama shamba linalimwa kila msimu basi nyingi ulizonazo ni hiyo. Majani yake ni mapana, ya mviringo wa yai, na yana kashingo kembamba kabla hayajaingia kwenye ala inayokumbatia shina. Hapo kwenye mdomo wa ala angalia kwa jua la pembeni, kuna nywele ndefu za rangi ya kutu, nyekundu nyekundu hivi, zimesimama kama kope. Ukiziona hizo pamoja na karara lililoungana, kazi imeisha, ni benghalensis. Wakati mwingine nywele zinakuwa zimefifia na kuwa nyeupe, kwa hivyo tazama majani kadhaa, usihukumu kwa jani moja. Makarara yake hukaa kwa kubanana, mawili matatu kwenye ncha ya tawi, vikonyo vyake vifupi sana hadi yanaonekana yamekaa juu ya shina moja kwa moja, nayo yana vinywele.

Lakini jambo lake tamu liko chini ya udongo. Usiing'oe kwa kuvuta, chukua kisu ama jembe dogo uichimbe na udongo wake, kisha ipukute polepole kwenye maji. Utaona karibu na shingo ya mizizi vijitawi vyeupe vimeteremka chini badala ya kupanda, na kwenye vijitawi hivyo kuna makarara madogo meupe yaliyobana kabisa. Hayo ni maua. Maua ya chini ya ardhi, hayafunguki maisha yake yote, yanajichavusha yenyewe humo humo gizani na kuzaa mbegu. Kitunda cha juu hewani kina mbegu 5, moja kubwa na nne ndogo, na cha chini ya udongo kina 3, moja kubwa na mbili ndogo, kwa hivyo mmea mmoja unabeba mbegu za namna nne ambazo hazioti kwa wakati mmoja. Ndiyo maana unapalilia, unafurahi, unakuta imerudi, na hapo hatujahesabu vipande vya shina ulivyokata na jembe ambavyo kila kifundo kikigusa udongo wa unyevu kinatoa mizizi. Samahani, nimetoka nje ya swali, lakini ukiwa na shamba ni vizuri ujue kwamba kukatakata na kuacha pale pale ni kuipanda upya. Ipelekee sungura.

Diffusa ni nyingine kabisa ukishaizoea. Hii inapenda maji, utaipata kwenye mtaro, kando ya kijito, bondeni palipo na tope, chini ya bomba linalovuja. Jani lake ni refu jembamba kama mkuki, halina ile shingo, na mdomo wa ala hauna nywele za kutu, labda mstari wa vinywele vifupi vyeupe tu. Karara ni refu lenye ncha kali, karibu halina nywele, liko wazi nyuma, na limening'inia peke yake kwenye kikonyo ambacho unakiona vizuri, si kama yale ya benghalensis yaliyobanana. Ukilifungua utakuta ndani matawi mawili madogo ya maua, na lile la juu mara nyingi linachungulia nje ya karara na ua moja tu, la kiume. Ukichimba hupati maua ya chini. Na kuna jambo la petali: ile ya tatu ya chini kwenye diffusa ni ndogo kidogo lakini ni ya bluu kama wenzake, unaiona bila kuitafuta.

Hiyo petali ya tatu ndiyo inayotupeleka kwa erecta, kwa sababu kwa erecta karibu haipo. Ni kijipande cheupe ama kisicho na rangi, kimejificha chini ya stameni, vile vijiti vya chavua katikati ya ua, na ukiangalia haraka unasema ua lina petali mbili tu. Karara lake limeungana nyuma kama la benghalensis na makarara pia yamejazana kwenye ncha ya tawi, kwa hivyo hapa ndipo watu wanachanganyikiwa, na nadhani hapa ndipo apu yako nayo inapochanganyikiwa. Lakini shuka kwenye ala ya jani. Erecta ina vijisikio viwili kwenye mdomo wa ala, ngozi ndogo zilizojitokeza pembeni ambapo jani linaungana na shina, na benghalensis haina. Jani la erecta pia ni jembamba kuliko la benghalensis na mmea wenyewe unajaribu kusimama, hata kama mara nyingi unaishia kuegemea nyasi. Uichimbe, hutapata maua chini, utapata mizizi minene yenye nyama. Inapenda mahali pakavu zaidi, kwenye nyasi na vichaka, si katikati ya mahindi. Kitunda chake kina mbegu 3 tu na ni laini. Mbegu za benghalensis zina makunyanzi na za diffusa zina alama kama wavu, hizo utahitaji kioo cha kukuzia.

Ile niliyosema hukuitaja ni Commelina forskaolii. Kama shamba lako liko mahali pa mchanga na pakavu, hasa ukielekea Pwani, ijue. Nayo karara lake limeungana, nayo ina maua ya chini ya ardhi, kwa hivyo mtu aliyesoma juu juu kwamba maua ya chini ni alama ya benghalensis anaanguka hapo hapo. Tofauti iko kwenye jani, forskaolii ina jani jembamba ambalo ukingo wake umejikunja kama mawimbi, halina shingo, na zile nywele za kutu hakuna. Ukiona mukengeria inatambaa kwenye mchanga na ukingo wa jani una mawimbi, anza kuwaza hiyo.

Ya njano sasa. Africana ni rahisi kwa sababu ya rangi, na karara lake liko wazi nyuma, limekunjwa kama kijitabu. Majani yake yanabadilika sana, kuna yenye majani membamba kama nyasi na kuna yenye majani mapana zaidi, kuna yenye nywele na isiyo nazo, zote zinaingia humo. Ila kuna mtego mmoja, kuna jenasi jirani inaitwa Aneilema, na Aneilema aequinoctiale nayo ni ya njano, inapandia vichaka. Hiyo haina karara kabisa! Maua yake yako kwenye kishada kilicho wazi. Tena ukipita karibu itakushika nguo, ala zake zina vinywele vya ndoano, unaweza kuitambua usiku bila tochi. Kwa hivyo kabla hujaandika "africana" hakikisha ua limetoka kwenye karara.

Na ukikutana na kitu kidogo cha familia hii ambacho stameni zake zimejaa manyoya ya bluu ama zambarau kama brashi, hiyo ni Cyanotis, iweke kando, si ya leo.

Kuhusu muda. Maua haya hufunguka asubuhi na ikifika mchana yanaanza kuyeyuka, si kunyauka, kuyeyuka, petali zinageuka kuwa utepetepe na ukigusa zinabaki kwenye kidole kama wino. Kwa hivyo ukitoka kuangalia mukengeria saa tisa alasiri unaangalia mmea usio na ua, halafu unasema apu ni mbaya. Nenda saa mbili ama tatu asubuhi. Kama huwezi, chuma tawi lenye makarara yaliyotuna uliweke kwenye glasi ya maji dirishani, kesho yake asubuhi tumba lingine litafunguka mbele yako mezani na utaangalia petali ya tatu kwa raha zako. Ukiwa hapo tazama na stameni, hata kama hazitakusaidia sana kutenganisha hizi nne, ni nzuri. Za juu zina vichwa vya njano vilivyogawanyika kama msalaba, karibu hazina chavua ya maana, zile za chini ndizo zenye kazi, na moja ya katikati ni kubwa kuliko wenzake. Ua lote halina nekta hata tone. Nyuki anavutwa na ile njano akidhani amepata, na akiwa anahangaika juu, zile za chini zinampaka tumboni.

Ukitaka apu ikusaidie kweli, ama mtu kama mimi, piga picha nne za mmea mmoja. Ua kutoka mbele, sawa. Halafu karara kutoka ubavuni, na kikonyo chake kionekane. Halafu karara kutoka nyuma ambapo kingo zinakutana, na hii ndiyo watu hawapigi kamwe. Halafu mdomo wa ala ya jani kwa karibu, na uweke kidole nyuma yake ili nywele zionekane. Ukiongeza ya mizizi iliyooshwa hakuna atakayekubishia. Na usichanganye picha za mimea miwili kwenye utafutaji mmoja, kwa sababu hizi zinapenda kukaa pamoja, unakuta benghalensis na diffusa zimefumana kwenye mtaro mmoja, unashika ua la huyu na jani la yule. Fuata shina kwa vidole kutoka ua hadi mzizi, ndio uwe na uhakika. Naamini sehemu kubwa ya hayo majibu matatu ya apu yako ni hapo, kwamba "mmea uleule" haukuwa uleule.

Nikikisia kutokana na ulivyoeleza, yenye majani mapana katikati ya mazao ni benghalensis, yenye majani membamba kwenye unyevu ni diffusa, na erecta sina uhakika kama unayo kabisa mpaka uone vijisikio na ile petali iliyofifia. Ikitokea moja ambayo haiingii popote, karara limeungana lakini jani halilingani na lolote kati ya haya, usiilazimishe, ziko spishi nyingi zaidi ya hizi. Ikaushe kati ya magazeti, na ubadilishe magazeti kila siku kwa sababu shina lake lina maji mengi na linaweza kuendelea kuishi humo ndani na kuozesha majani. Hakikisha ina makarara, ina vitunda, ina mizizi. Rangi ya ua na ya petali ya tatu iandike kwenye karatasi asubuhi hiyo hiyo, kwa sababu ua lenyewe halitabaki. Andika na mahali ulipoichuma na tarehe, kisha unaweza kuipeleka kwenye hebaria, hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Makumbusho ya Taifa pale Nairobi wailinganishe na sampuli walizonazo. Sampuli ya mukengeria bila maelezo ya ua na bila mzizi inawapa kazi ngumu sana, na nyingi wanazoletewa ziko hivyo.